Meza ya Tangi la Marehemu Salehe

Maneromango, Kisarawe
13 Mfungo Saba 1394, sawa na 6 Mei 1974

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeitenga nchi kavu na bahari, akakipa kila kiumbe pumzi yake na mahali pa kuivutia.

Kwa mkamwana wangu, Bi Mwamini binti Kibwana, aliyeko Tangini, Kibaha.

Salamu zangu zikukute ukiwa katika subira. Baada ya salamu, mimi na mama yako Mboni hatujambo, na kila baada ya sala jina la mume wako, mwanangu Salehe, halitoki midomoni mwetu. Mola ampe nuru mahali alipo, na wewe akutimizie eda yako kwa amani.

Shomari, dereva wa lori la korosho, amenifikishia ujumbe wako. Nilimkaribisha aketi, akakataa.

"Mzee, nikiketi kwako nitaletewa mhogo, nikila mhogo nitasinzia, na gari halina breki za kusinzia," akasema. "Mkweo anasema tangi la samaki la marehemu linavuja. Anauliza, mwenye eda ana ruhusa ya kulishughulikia?"

Jibu langu ni hili. Eda imekuzuia kujipamba, kujitia manukato, kuposwa, na kutoka nyumbani bila dharura. Haikukuzuia kukitunza kiumbe kilichofungwa ndani ya nyumba yako. Nimesomeshwa tangu udogoni kwamba mwenye kukifunga kiumbe ataulizwa juu ya njaa yake. Basi walishe, na maji yao uyatazame, wala usione haya mbele ya wanaokuja kukupa pole.

Sikupata kuliona tangi hilo kwa macho yangu. Salehe alinisimulia kwamba amechota bahari kwa madumu, akaisimamisha sebuleni pako ndani ya kioo, na samaki wakazoea. Nilimuuliza, "Na bahari imeridhika?" Akacheka. Alikuwa na kicheko chepesi, nawe wakijua.

Nitakutengenezea meza mpya ya kuwekea tangi. Useremala wangu ni wa kizamani, lakini meza zangu za chuoni zimekaliwa na watoto waliozaa watoto, na hazijalegea. Niletee vipimo. Pia namtuma dada yangu Swaumu aje akae nawe, maana najua nyumba yenye mtu mmoja ilivyo ndefu wakati wa magharibi.

Eda ikitimia, njoo nyumbani. Chumba cha Salehe kipo, mlango wake upo, na mama yako hukifagia kila Ijumaa.

Wako katika dua,
Mwishehe bin Pazi


Tangini, Kibaha
15 Mei 1974

Baba yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Nawe unipokelee shikamoo ya Mama, umpe kabla hujaendelea kusoma, kwa kuwa najua amekaa karibu yako akisubiri.

Jibu lako limenipa nafuu. Jirani mmoja aliniambia kwamba mwenye eda akitia mkono katika maji ya bahari eda yake inaanza upya. Sikumwamini, lakini nilitaka nisikie kwako.

Baba, hali ya tangi ni hii. Fremu yake ya chuma imeliwa na chumvi, na mguu mmoja wa meza ya zamani umeoza kwa matone. Kila asubuhi nakuta gunia nililolitandika chini limelowa. Ni tangi la miaka sita. Humo yumo samaki mwekundu mwenye mikanda myeupe, anayelala ndani ya ua la baharini lenye vidole, wamo wawili wa buluu, na yumo kaa aliyehamia ndani ya gamba la konokono. Marehemu aliwaleta mmoja mmoja.

Sasa nakuomba usome kwa utulivu maneno yanayofuata. Bi Marselina, Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana ambako marehemu alikuwa fundi wa maabara, alikuja tena kunipa pole. Alikaa na chai yake akiwatazama samaki, wote wamenielekea mimi.

"Mwamini," akasema, "hawa wanakujua wewe, au wanakijua chakula?"

"Mwalimu, hata sisi binadamu tulianza kujuana kwa chakula."

Akacheka mpaka akaiweka chai chini. Kisha akaniambia kwamba shule imemwagiza fundi vioo wa Dar es Salaam atengeneze tangi jipya, kubwa zaidi, la kuwekwa katika chumba cha sayansi, kwa kuwa wasichana wengi wanatoka bara na hawajapata kuiona bahari. Eda ikiisha, nikiweza kuvihamisha viumbe vya tangi hili mpaka lile vikafika vikiwa vizima, atanipa kazi ya kulitunza na kuisafisha maabara, pamoja na chumba katika nyumba za wafanyakazi. Vikifa njiani, hana kazi nyingine ya kunipa, na nyumba hii ya serikali nitapaswa kuiacha. Kwa hiyo naomba ruhusa yako, Baba, na pia hiyo meza.

Ndani ya bahasha mna uzi wa vipimo vya meza ya tangi hilo jipya. Kutoka ncha yenye wino hadi fundo la kwanza ni urefu, hadi la pili ni upana, hadi la tatu ni kimo. Tangi likijaa litakuwa na uzito unaozidi magunia matatu ya korosho. Meza ikiinama hata kidogo, kioo kitapasuka pembeni. Na likishajaa halisogezwi tena, hata kwa upana wa kidole.

Marehemu alinifundisha jinsi ya kuhamisha. Maji ya zamani yahifadhiwe na yatangulie. Maji mapya yafuate kikombe kwa kikombe. Mawe yasikauke. Mchanga usioshwe kamwe, hata ukinuka, hata ukiwa mweusi, kwa sababu ndani yake mna viumbe visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyokula uchafu wa samaki. Ukiviosha umeviua, na samaki atalewa uchafu wake mwenyewe ndani ya maji meupe. Alikuwa akisema kwamba bahari yake haimo majini, imo mchangani.

Mkamwana wako,
Mwamini


Maneromango, Kisarawe
7 Mfungo Nane 1394, sawa na 29 Mei 1974

Sifa zote ni za Mola, ajuaye kilichomo gizani mwa mchanga kama ajuavyo kilicho juu ya mbingu.

Mkamwana wangu Mwamini, salamu za heshima na mapenzi zikufikie.

Barua yako imefika na uzi wake. Nilimsomea mama yako mara mbili, maana mara ya kwanza alinikatiza penye mchanga.

"Usioshwe?" akauliza.

"Ndivyo anavyoandika."

"Ndani ya nyumba, na unanuka, na usioshwe?"

"Mboni, ndivyo alivyofundishwa na mumewe."

Akasema, "Basi mwanangu utotoni alipokuwa akikimbia kuoga nikimfukuza na kata mkononi, kumbe alikuwa anasomea." Tukacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, nami naliandika hapa ili ujue kwamba barua zako zina kazi.

Habari ya mbao: nimepata. Ni mninga mkavu, uliokaa miaka mingi katika kazi nyingine bila kupinda. Mbao mbichi ingekutoroka. Leo imenyooka, mwezi ujao inatazama dirishani. Fundi wa misheni ameniazima randa na msumeno wake mrefu. Ninaunga kwa ulimi na tundu, na vijiti vya mbao, pasipo msumari hata mmoja, kwa kuwa umenieleza jinsi chumvi inavyokula chuma. Juu nitaweka pimamaji ya jirani, na kibuyu kilichojaa pomoni. Nikiona tone limekimbilia upande, nitaranda tena.

Huenda umesikia huko kwamba watu wa sehemu zetu wanakusanywa katika vijiji. Ni kweli, kazi hiyo inaendelea. Usitie hofu. Sisi hatujambo.

Ama habari ya kazi na chumba cha shuleni, hilo ni jambo zito. Tuliache mpaka eda itimie, kisha tulitazame kwa utulivu. Mwenye huzuni huamua haraka ili apumzike na kuamua. Nafasi yako kwetu ipo.

Swaumu ameniletea salamu kwamba amefika salama na kwamba nyumba yako ni safi ila kwa "ule uvundo wa pwani." Mstahimilie. Moyo wake ni mkubwa, na mkono wake hauwezi kukaa bila kazi.

Wako katika dua,
Mwishehe bin Pazi


Tangini, Kibaha
12 Juni 1974

Baba mheshimiwa,

Shikamoo.

Barua yako nimeipata na nimeielewa. Kuhusu kazi ya shuleni nimesikia ulivyosema, sitalirudia.

Shangazi Swaumu ananisaidia sana. Analala chini kando ya kitanda changu ingawa nimemwomba achukue kitanda, na nikiamka nikilia huamka naye, hanisemeshi, hunishika mguu tu mpaka nipitiwe. Jumatatu anarudi huko kwa gari la Shomari. Naomba asichoshwe na maswali.

Samaki hawajambo.

Msalimie Mama.

Mkamwana wako,
Mwamini


Kisarawe
3 Mfungo Tisa 1394, sawa na 24 Juni 1974

Namtanguliza Mungu, ambaye hafichwi jambo, nasi tunafichana.

Mkamwana wangu Mwamini, amani iwe juu yako.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, na wewe si mwandishi wa barua fupi. Niliisoma nikadhani kwamba nimekukwaza katika habari ya kazi. Huenda ni hivyo. Lakini sasa Swaumu amefika, na kabla hajashusha mzigo wake amenisimulia.

"Kaka, yule mtoto alikuwa anakaa na tope ndani ya nyumba! Alikuwa ameutoa mchanga wa samaki akautia katika makarai mawili, ati kulipunguzia tangi uzito. Mweusi, unanuka kama boga lililooza. Yeye yuko kwenye sala ya adhuhuri. Nikasema, maskini, hana nguvu, leo nitampunguzia. Nikalitoa karai moja nje, nikaupiga sabuni ya mche, nikausuuza mara tatu mpaka ukawa mweupe kama chumvi. Nikaurudisha tangini kwa mkono wangu mwenyewe."

"Na Mwamini alisemaje?"

"Alinitazama. Kisha akasema, 'Ahsante, Shangazi, naomba unipikie uji.' Mtoto ana adabu yule!"

Nikamuuliza juu ya samaki. Akasema, "Wale wa buluu walilala upande. Nadhani walikuwa wagonjwa tangu hapo. Wakubwa wale."

Sikumweleza. Umeniomba asichoshwe na maswali, na sasa naelewa kwa nini. Ila alidai pia kwamba mchanga ule ulikuwa najisi, kwa sababu samaki waliwahi kufia humo. Hilo sikuliacha lipite. Nilimketisha nikamfundisha kwamba maji ya bahari ni tohara na kilichofia ndani yake si najisi, na kwamba wanavyuoni wamelisema jambo hili kabla ya babu wa babu zetu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi ungeniambia kabla sijachosha mikono." Ana haki.

Mwamini, uliandika kwamba samaki hawajambo. Kama wote wamekufa, niambie. Sitakutumia maneno ya lawama, wala sitasema kwamba ni ishara ya kurudi Kisarawe. Meza imekwisha, Shomari anaipakia kesho, imefungwa kwa majani ya migomba na mikeka miwili. Itakuja, ziwe habari njema au mbaya.

Wako katika dua,
Mwishehe bin Pazi


Kibaha
9 Julai 1974

Baba yangu mheshimiwa,

Shikamoo, na Mama shikamoo, na Shangazi shikamoo. Eda yangu imetimia. Nimeoga, nimebadili nguo, nimetoka nje ya ua kwa miguu yangu, na jua la Tangini limenitazama kwa ukali kama mgeni.

Nilikuficha kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: Shangazi alikuwa amenishika mguu usiku kucha, nisingeweza asubuhi kumwambia kwamba ameua. Ya pili ni kwamba niliogopa. Nilijisemea, Baba akisikia kwamba wanakufa, ataandika, "Umeona? Waache, njoo nyumbani." Sikuwa tayari kuisoma barua hiyo.

Kilichotokea ni hiki. Sabuni ilipoingia, maji yakawa kama ya mchele. Wale wa buluu walikufa kabla ya alasiri. Shangazi alipoingia jikoni kupika uji, nilimchota yule mwekundu pamoja na ua lake, kaa na mawe, nikawatia katika beseni kubwa la plastiki nililokuwa nikifulia, kwa maji ya akiba ambayo marehemu aliyaacha kwenye madumu nyuma ya nyumba. Karai la pili la mchanga, lile ambalo halijaoshwa, nikalifunika kwa gunia bichi nikalisukuma chini ya kitanda changu. Shangazi alilala juu ya mkeka kando ya bahari ya Salehe kila usiku akilaumu uvundo wa pwani, na hakujua. Baada ya kuondoka kwake niliumimina mchanga huo kwenye beseni, pampu ya hewa nikaifunga kwa kamba kwenye ukingo. Basi nilipoandika kwamba samaki hawajambo, alikuwa mmoja tu, ndani ya beseni la kufulia, lakini hajambo.

Jumamosi tumehama. Bi Marselina alinipa gari la shule na wasichana sita wa kidato cha tatu, waliojua majina ya Kilatini ya kila kitu na hawakujua jinsi ya kushika ndoo isimwagike. Meza yako ilikuwa imekwisha kuwekwa kando ya ukuta. Walimu walikuja kuitikisa mmoja mmoja kama wanaosalimiana nayo. Mwalimu wa hesabu aliweka golori katikati ya bao lake. Golori ikakaa. Akaisukuma kidogo, ikaenda, ikasimama. Akauliza, "Fundi huyu amesomea wapi?" Nikamwambia, chuo cha Kurani. Akaichukua golori yake akaenda zake.

Tuliweka mchanga kwanza, kwa viganja, bila kuuosha. Msichana mmoja aliziba pua, mwenzake akamwambia, "Ziba na macho, ndiyo sayansi hiyo." Yakafuata mawe, kisha maji ya zamani juu ya sahani ili mchanga usitimke, kisha maji mapya ya baharini kikombe kwa kikombe, tangu asubuhi mpaka wakati wa chakula cha mchana. Samaki nilimtia mwisho. Alizama, akajificha nyuma ya jiwe, nikahisi moyo wangu umezama naye. Watu walisubiri. Bi Marselina alisubiri. Samaki hakutoka.

Nikapiga magoti ili nimtazame kwa chini, kwa upande wa ukutani. Ndipo nilipoona mguu wa nyuma wa meza.

Baba, una alama nne za kisu, moja juu ya nyingine, na kando ya kila moja herufi ya Kiarabu, sadi ya Salehe. Mama alinionyesha alama hizo nilipokuja kwenu mara ya kwanza nikiwa bibi harusi. Alisema kila Idi mlikuwa mkimsimamisha Salehe kwenye mwimo wa mlango wa chumba chake, mkiweka kisu juu ya kichwa chake, naye akiinuka kwa vidole ili awadanganye. Mwimo wa mlango hauwezi kuwa mguu wa meza hapa, na huko ukaendelea kushika bawaba.

Nimezirudia barua zako. Ya kwanza ulisema, "Chumba cha Salehe kipo." Ya pili ulisema, "Nafasi yako kwetu ipo." Niliona tofauti hiyo tangu siku ile, nikadhani umenipunguzia mahali. Nililia kwa jambo hilo, nikakuandikia barua fupi.

Mlango ule uko wapi, Baba? Mnalala wapi?

Samaki alitoka jioni, ua lake lilipofunguka. Wamo sasa, yeye na ua lake, na kaa. Bi Marselina amesema nianze kazi mwanzo wa Agosti. Sijamjibu. Nangoja barua yako.

Mkamwana wako,
Mwamini


Kijiji kipya, barabara ya Maneromango, Kisarawe
29 Mfungo Tisa 1394, sawa na 20 Julai 1974

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye amemfanyia mja wake makao popote alipomtuliza, na akamrudisha kwake kutoka popote alipokuwa.

Kwa mkamwana wangu, Bi Mwamini binti Kibwana, salamu za amani, na pongezi kwa kutimiza eda yako kama alivyoamrisha Mola.

Umeuliza, nami nakujibu.

Siku chache baada ya barua yangu ya kwanza, viongozi walikuja. Walikuja kwa adabu, wakatukusanya, wakatueleza kwamba tunahamia kando ya barabara, ambako kutakuwa na kisima, zahanati na shule. Sisemi kwamba ni jambo baya. Kisima kipo, na mama yako hatembei tena mpaka bondeni. Barua yako yenye uzi ilipofika, makuti ya paa yalikuwa yamekwisha kushushwa na nilikuwa nimekaa juu ya kinu, mbele yangu kuta zimesimama peke yake. Niliupima uzi wako juu ya mwimo wa mlango wa Salehe. Ulitosha, ukabaki kidogo. Nikaenda misheni kuazima msumeno.

Sikukuambia, na Swaumu nilimkataza asikuambie, kwanza kwa sababu mwenye eda hapaswi kuongezewa msiba. Pili, kwa sababu nilitaka uje. Nilijua kwamba ukisikia nyumba haipo, hutakuwa na pa kuja. Nilitumaini kuijenga nyingine kabla eda haijatimia, na mlango nikauchonga mwingine, ili ufike ukute chumba. Nimejenga. Lakini udongo wake bado mbichi, na chumba hicho hakijapata kumjua Salehe. Mkamwana anapokuwa ndani ya nyumba, Mwamini, mtu huona kwamba hajafiwa kabisa. Hiyo ndiyo sababu ya kuliahirisha jambo lako. Haikuwa busara.

Sasa sikiliza la mama yako. Siku ya kuhama kila mtu alibeba alichokiona bora. Yeye alibeba mafiga yake matatu, moja kichwani na mawili nikayatia kwenye toroli. Jirani akamwambia, "Bi Mboni, mawe yapo tele huko tuendako! Na kama huyaachi, basi yaoshe, yamejaa masizi."

Mama yako akasimama katikati ya njia, watu wote nyuma yake wakasimama.

"Mkamwana wangu amesoma," akasema. "Ameandika barua. Usioshe!"

"Hiyo barua ilihusu samaki, Mboni," nikamwambia.

"Na mimi nahusu nini?"

Hayakuoshwa. Jioni ile alipika uji juu yake, uwanjani, kabla ya kuwa na ukuta wala paa, na tulipokunywa, ulikuwa ni uji wa nyumbani. Kaburi la Salehe limebaki kule. Kila Ijumaa baada ya sala nakwenda kwa miguu, napalilia, narudi.

Nimelitafakari lako usiku na mchana. Umebeba mchanga wa mumeo, mwanangu wa damu, chini ya kitanda chako, ukaulalia, ukautunza usikauke, ukaufikisha. Mtu wa namna hiyo hafai kuambiwa mahali pa kukaa. Hata ruhusa uliyoniomba haikuwa mkononi mwangu. Eda ikishatimia, sheria imekwisha kukukabidhi mambo yako. Nilitakiwa nikuambie hivyo katika barua ya kwanza. Ichukue kazi. Kaa katika chumba hicho cha shule. Akitokea mtu mwema siku za mbele, usiogope kutuandikia. Utabaki kuwa mtoto wetu.

Tutakuja sisi. Baada ya Idi, Mungu akitujalia uhai, mama yako, mimi na Swaumu, ambaye sasa anajua yote. Alilia, kisha akasema, "Kumbe nililala na bahari wiki nzima sikuiona," na tangu hapo anawasimulia watu kijijini kama jambo la fahari. Anakuomba radhi, na ameapa kuja mikono mitupu, bila sabuni.

Alama zile nilizielekeza ukutani kwa makusudi, ili usizione. Sasa ningependa kukuambia uigeuze meza, zitazame watu. Lakini umenifundisha kwamba tangi likishajaa halisogezwi, hata kwa upana wa kidole. Basi ziache zilipo. Nikija nitapiga magoti kama ulivyopiga wewe.

Namwomba Mola akubariki wewe uliyeishika barua hii, na mkono unaoishika, na chumba chako kipya na mlango wake. Awabariki wasichana wanaoziba pua na wasioziba, na yule aliyekaribishwa na ua lake. Akupe riziki isiyokukimbiza, na usingizi usiokatika. Na kila nyumba itakayosomewa maneno haya, Mungu aitie utulivu, waliomo na waliotoka. Amina.

Baba yako,
Mwishehe bin Pazi